Kumuaga Fosia Dahir, Aliyetusimamisha Kabla ya Laga

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Fosia Dahir Abass anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha ufuatiliaji hapa Isiolo kwa miaka ishirini na minne. Sisi wa ofisini tunamwita Mama Hoda. Walinzi walioko porini wanaijua sauti yake tu, na baadhi yao watauona uso wake kwa mara ya kwanza siku ya sherehe.

Alizaliwa katika familia ya wenye malori. Baba yake, mzee Dahir, alipeleka mizigo Moyale miaka ambayo barabara ilikuwa mawe matupu na majambazi walikuwa wengi. Lori likichelewa, binti ndiye aliyetumwa kupiga simu Laisamis, kisha Marsabit, kisha kwa yeyote mwenye simu njiani. Mwenyewe husema kazi hii aliianza hapo, kabla hajaajiriwa na mtu: kukaa mbali na mwenzako aliye hatarini na kuuliza yuko wapi.

Alipojiunga nasi, kituo kilikuwa kontena moja, redio moja na ramani ya ukutani iliyotobolewa tobolewa na pini. Kisha zikaja kola za ndovu, ile mikanda mizito yenye kifaa kinachosoma kwa setilaiti mahali mnyama alipo, kuhisi shingo ikitikisika, na kutuma habari hiyo kwa laini ya simu, mradi kuna mnara karibu. Baadaye tukafunga vifaa kama hivyo kwenye malori, halafu kwenye shingo za ngamia wa wafugaji. Kila kilipokuja kifaa kipya, Bi. Fosia alikivaa yeye mwenyewe kwanza, akazunguka nacho mjini siku nzima, ndipo akakiamini.

Wengine wetu tunakumbuka asubuhi ambayo ndovu "aliingia" mjini. Kwenye skrini nukta yake ilipita stendi, ikakata kona, ikatulia sokoni. Gari likatoka mbio, na Bi. Fosia akawapigia simu wenye maduka wote anaowafahamu wafunge milango. Kumbe kola ilikuwa imeanguka huko Leparua, na muuza makaa mmoja alikuwa ameiokota akafungia magunia kwenye punda wake. Aligoma kuirudisha mpaka apewe kamba nyingine imara kama hiyo. Tulimpa.

Wake wa madereva nao hawakumwachia nafasi. Walitaka kujua lori la fulani limelala wapi. Aliwajibu vilevile miaka yote: "Muulize mwenyewe, dada. Mimi naangalia magurudumu tu."

Lakini kazi ya kituo si vicheko, na mimi ninayeandika haya, Lodio, nisingekuwa na mkono wa kuandikia kama Bi. Fosia angekuwa mtu asiyeogopa.

Ilikuwa kiangazi kikali cha mwaka 2022. Mzee Halake wa Biliqo alikuwa amewahamishia ngamia wake upande wa Kipsing kutafuta malisho. Alfajiri moja wezi wenye bunduki wakawaswaga wote. Ngamia kiongozi alikuwa na kola yetu. Tukapelekwa askari watano, na Halake akakataa kubaki nyuma. Dereva wetu, Muthomi, alitufikisha mahali njia ilipoishia, tukaanza kutembea tukiongozwa na sauti ya Bi. Fosia redioni.

Kufikia adhuhuri nukta ilikuwa imesimama mbele yetu, ndani ya laga, mto mkavu wa mchanga wenye kingo ndefu. Halake alifurahi. Alisema wezi wamechoka, wanapumzisha wanyama. Tukaongeza mwendo. Tulikuwa karibu kuanza kuteremka ndipo redio ikakoroma.

"Lodio, simameni. Msiingie hapo."

Niliuliza kuna nini. 

"Kola haitikisiki. Ngamia aliye hai hata akilala anacheua, shingo inacheza. Hii imetulia kama jiwe."

"Labda amekufa," nikasema.

"Labda. Au wameivua na wanawangoja nyinyi."

Halake alinishika mkono akataka kuninyang'anya redio. Wanyama wake walikuwa wanaenda, alisema, na sisi tunasimamishwa na mwanamke aliyekaa kivulini mjini! Sikumlaumu. Nami nilitaka kuendelea. Msimamizi wetu, Mwenda, ndiye aliyenisimulia baadaye yaliyotokea ofisini wakati huo. Alisimama nyuma ya kiti cha Bi. Fosia akamuuliza kama ana hakika.

"Sina," akajibu. "Nina hofu tu. Lakini nikinyamaza na hofu hii iwe ya kweli, ni wewe utakayeenda kwa mke wa Lodio, ama ni mimi?"

 Mwenda alichukua redio akatuamuru tulale chini.

Tulijitandaza chini ya vichaka vya miiba, mbali na njia. Jua lilikuwa linachoma hadi bunduki haishikiki.  Nilimsikia Halake akilia polepole, uso wake ukiwa ndani ya kilemba. Bi. Fosia hakuongea tena, lakini kila baada ya muda alibonyeza redio mara moja, tukajua bado yuko pale. Nilianza kufikiri tumepoteza mali ya mzee bure kwa woga wa mtu mmoja.

Kisha wakatoka. Walipanda kutoka lagani mmoja mmoja, wengine ukingo huu, wengine ukingo ule, pande zote mbili za njia ambayo tungeteremkia. Walikuwa wengi kutushinda. Walikuwa wamechoka kungoja. Mmoja alipita karibu nasi kiasi kwamba nilimsikia akikohoa, na Tyson, kijana mwenye nguvu kuliko sote, akaniuma bega ili meno yake yasigongane.

Walipotokomea tukateremka. Kola ilikuwa imening'inizwa kwenye tawi, mkanda umekatwa kwa kisu.

Ngamia walikuwa wameshapitishwa njia nyingine. Wachache walirudi miezi mingi baadaye, baada ya wazee kuketi na kusuluhisha. Wengi hawakurudi. Siku Halake alipofika ofisini, tuliogopa atasema nini. Alimsalimu Bi. Fosia kwa salaam aleikum, akakaa, akanywa maji yote aliyopewa. "Mama Hoda," akasema, "ngamia nitatafuta wengine. Hawa watu ningewatafuta wapi?"

Hofu haikuishia hapo. Mtu fulani alipata namba ya simu ya Bi. Fosia. Sauti asiyoijua ilimwambia wanajua Hoda anasoma shule gani na anarudi nyumbani kwa njia ipi. Aliripoti polisi, akampeleka binti yake kwa shangazi yake Fahmo huko Meru, na kesho yake akaja kazini. Kila alipoinua kikombe, chai ilimwagika mezani. Tukajifunza kumjazia kikombe nusu. Hakujifanya shujaa. Alipoulizwa kwa nini haombi likizo, alisema watu bado wako porini. Simu zile zilikoma baada ya muda. Hoda alimaliza shule salama, na leo anasomea uuguzi.

Tangu siku ile, hakuna kikosi chetu kinachokaribia nukta iliyotulia kabla ya mtu kutangulia kuchungulia kutoka mlimani. Utaratibu huo ni wake, na umeshatuzuia zaidi ya mara moja kuingia mahali pabaya.

Kuanzia Jumatatu kiti chake nitakikalia mimi. Nilipomwambia naogopa, hakunitia moyo. Alisogeza kiti, akanionyesha kitufe cha redio kinachokwama, akasema, "Vizuri. Kaa."

Mama Hoda, asante kwa sauti yako. Asante kutoka kwangu, kwa Tyson, kwa Muthomi, na kwa watoto wetu wasiojua kwamba walikaribia kuwa mayatima. Mungu akupe afya, na miaka mingi na Hoda. Ulale usingizi mzito simu ikiwa imezimwa, na ukiamka asubuhi, usijue mtu yeyote yuko wapi isipokuwa wa nyumbani kwako.