Nderitu Gatimu Hakuuza Oili

Wapendwa waombolezaji, marehemu Nderitu Gatimu alizaliwa tarehe 4 Mei 1964 huko Gakindu, mtoto wa tatu wa mzee Gatimu na mama Murugi, akasoma hapo nyumbani hadi darasa la saba mwaka wa 1979, kisha akajifunza udereva mjini Nyeri. Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na Kabura, na Mungu akawajalia watoto wawili, Shiro na Theuri. Mwaka wa 1998 aliajiriwa na chama cha wakulima wa kahawa, akakabidhiwa lori ambalo hata wakati huo halikuwa changa, naye akalitunza kama ng'ombe wa maziwa.

Sasa tunafika mahali ambapo tumeombwa turuke, na hatutaruka.

Mwezi wa Machi 2022 lori lilianza kumaliza oili, ingawa chini ya injini hapakuwa na tone hata moja, na badala ya kuita fundi, mwenyekiti wa chama alimsimamisha marehemu mbele ya wanachama, Kabura akiwapo, akamwambia, "Oili haipandi mbinguni, Nderitu. Unauza wapi?" Watu walicheka, na baadhi yao wameketi hapa leo chini ya hema.

Marehemu aliomba jambo moja tu, injini ipimwe mbele yao wote, na Jumamosi iliyofuata rafiki yake, fundi Ayub, akaja kutoka Nyeri. Ayub aliteremsha lori mlimani bila kukanyaga mafuta, na alipokanyaga tena, moshi wa buluu ukafuka nyuma, dalili kwamba sili za vali, vile vipira vinavyozuia oili isiingie ndani ya silinda, zimekwisha. Kisha akapima mgandamizo wa silinda, ukawa hafifu, akamimina oili kidogo ndani, ukapanda, kwa maana oili ile iliziba pengo lililoachwa na ringi za pistoni zilizolika. Kumbe oili ilikuwa ikipanda mbinguni kweli, kupitia ekzosi, na kila mwenye macho alikuwa ameuona moshi huo barabarani!

Marehemu na Ayub walifungua injini, wakaweka ringi, silinda na sili mpya, lori likaenda Kerugoya na kurudi, na oili haikupungua. Mwenyekiti alisema, "Haya, rudi kazini," basi. Hakuna aliyemwomba msamaha, na sokoni waliendelea kumwita "Oili" mpaka akaacha kwenda huko, akawa anamtuma mkewe.

Agosti 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa Nyeri, na siku moja kitandani akasema, "Kabura, siku yangu ikifika, waambie watu hiyo oili sikuuza." Aliaga dunia tarehe 9 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotukamulia ng'ombe, madereva wenzake, na fundi Ayub, ambaye peke yake alikwenda sokoni kumtetea. Nawe mwenyekiti, tumekuona umekuja, na kipaza sauti hiki kitabaki hapa mpaka jeneza lishuke.

Lala kwa amani, baba Shiro.