Siku Kompyuta Yangu Iliponyamaza

Wakubwa zangu shikamooni, na ninyi wadogo zangu habari za asubuhi. Wale wa Bwana asifiwe na wale wa asalamu aleikum, wote nimewasalimu. Mwenyekiti ameniambia nisimame, lakini nitaomba niketi, maana miguu yangu imechoka, na katika kikao hiki cha sisi tusioona hakuna atakayejua nimesimama au nimeketi mpaka nimwambie mwenyewe. Nasikia mnacheka. Basi tumeanza vizuri.

Wengi mnanijua kwa jina la Mama Kulwa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Ntalikwa mpaka presha ya macho iliponichukulia nuru, kwanza jicho la kushoto, baadaye la kulia. Hiyo siyo habari niliyokuja nayo leo, kila mmoja hapa ana yake. Habari yangu inaanzia pale binti yangu Kulwa, ambaye ni muuguzi Nzega, aliponiletea kompyuta ya kupakata yenye programu inayosoma kwa sauti. Ukibonyeza herufi, inaitamka. Ukifungua maandishi, inakusomea. Kiswahili chake kina lafudhi ya ajabu, utadhani mgeni aliyejifunzia vitabuni, lakini ndugu zangu, nawaambia, siku niliyoandika jina langu nikasomewa jina langu, nilitulia kwenye kiti nikasema moyoni, kumbe bado naandika.

Kazi ikaja yenyewe. Mnajua zile familia za zamani za mjini, ambazo babu zao walifika na misafara kutoka pwani, wengine wakaendelea hadi Ujiji na wengine wakabaki hapa wakaoa. Siku hizi wajukuu wanawarekodi wazee wao kwa simu, halafu wanataka maneno yale yaandikwe. Mimi masikio ninayo na muda ninao. Wananiletea flashi, nasikiliza, naandika.

Sasa flashi ya mtu imepita kwenye kompyuta ngapi kabla ya kufika kwangu, hakuna ajuaye. Siku moja mafaili yote ya mteja yaligeuka kuwa alama tupu zisizofunguka. Virusi. Mwenyewe alikuja kuichukua flashi yake, akasema hapana neno, lakini nilisikia namna alivyolifunga geti. Fundi mmoja wa mjini akaisafisha kompyuta, akaniwekea programu ya kuzuia virusi, na mambo yakatulia.

Hofu ndiyo haikutulia. Jirani yetu anayeuza vifaa vya simu akaniambia anayo programu nyingine ya kuzuia virusi, kali kuliko ile ya fundi. Nikamwomba aniwekee, na ile ya kwanza nikamwambia aiache palepale. Nilifikiri hivi: mlango wangu una komeo, nikiongeza kufuli nitalala vizuri zaidi. Nani kati yenu angeniambia nimekosea? Mimi mwenyewe nilijiona nina akili.

Haukupita muda, kompyuta ikaanza kuchelewa. Nabonyeza herufi, sauti inakuja nikiwa nimeshasahau nilibonyeza nini. Ikaingia kigugumizi, neno moja inalirudia rudia kabla ya kulimaliza. Feni yake ikawa inavuma tangu nawasha hadi nazima. Nikasema labda ni joto la Oktoba, hapa kwetu mnalijua.

Wakati huo nilikuwa na kazi niliyoipenda kuliko zote. Bibi mmoja wa mjini alikuwa amerekodiwa na wanawe kabla hajafariki. Anasimulia mambo aliyosikia kwa bibi yake, aliyekuwa akiwapikia wapagazi waliopumzika hapa na mizigo yao. Wanawe waliniomba niyaandike maneno ya mama yao ili yasomwe kwenye arobaini yake. Nilikuwa nimeshafika mbali. Asubuhi moja nikawasha kompyuta, nikangoja ile sauti inikaribishe. Haikuja. Nikabonyeza herufi moja, nyingine, nyingine tena. Kimya.

Ninyi ndio mtakaonielewa. Mwenye macho kompyuta yake ikikosa sauti, anaangalia kioo. Kwangu mimi kioo ni kipande cha plastiki tu. Sauti ikinyamaza, kompyuta yote haipo. Nilimpigia fundi, naye kabla hata ya kuiona akasema kwa dalili hizo diski imekufa, na vilivyomo humo huenda visipatikane tena. Nilipopofuka nililia sana. Safari hii sikulia. Niliifunga kompyuta ndani ya kitenge, nikaiweka kabatini, nikatoka uani kumenya karanga. Mume wangu akiniuliza neno, najibu kwa neno moja. Watoto wa yule marehemu walipopiga simu, sikupokea, kwa sababu sikujua pa kuanzia. Nilikuwa nimejiambia kwamba yale ya kuandika yamekwisha, na safari hii hayarudi.

Siku ambayo Kulwa alisema atapita kuichukua kompyuta akaitazame huko kwake, niliitoa kabatini nikaiweka kwenye chaji. Nikaiwasha kwa mazoea tu, nikaendelea na karanga zangu. Baadaye nikaigusa kuona kama chaji inaingia. Ilikuwa ya moto, na feni inavuma kama inapandisha mlima. Hapo ndugu zangu ndipo nilipoacha karanga. Sijafungua kazi yoyote, wala sijaiagiza kitu. Sasa humo ndani nani anafanya kazi, na kazi gani? Nikachomeka flashi, mvumo ukapanda. Nikaichomoa, ukaendelea uleule. Mimi nimefundisha miaka mingi. Darasa likipiga kelele wakati mwalimu hayumo, hujui ni nini, lakini unajua watoto wapo na wana jambo lao. Nikalaza sikio juu ya kibodi, nikasikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilikuwa na hamu ya kujua kitu.

Nikamwita Baba Kulwa. Yeye amestaafu reli, Kiingereza chake ni cha matangazo ya stesheni na amri za kazi, na kompyuta hajawahi kuitumia. Nikamwambia asinieleze anachokiona. Asome tu, kila neno, hata lile analoona halina maana, na jina asilolijua alitaje herufi kwa herufi. Akavaa miwani, akaanza. Kuna kiboksi pembeni kinasema tishio limepatikana, halafu jina refu. Kikaondoka, kikaja kingine cha rangi nyingine, nacho kinasema tishio limepatikana, jina refu. Kikaja tena cha kwanza. Nilikuwa nayashika yale majina kichwani kama nilivyokuwa nikiyashika ya wanafunzi. Akasoma tena vyote viwili. Kisha akasema, "Mama Kulwa, huyu anamtaja yule, na yule anamtaja huyu. Hawa wanakamatana wenyewe kwa wenyewe."

Nikamuuliza, "Na wanaokamatwa wanawekwa wapi?"

Akahangaika na kipanya mpaka akapata ukurasa ulioandikwa karantini. Akasoma orodha ya waliofungiwa humo. Nikasikia jina ninalolijua. Nikamwomba alirudie, akalirudia taratibu, herufi kwa herufi. Ilikuwa programu yangu ya kusoma.

"Kumbe haijafa," akasema. "Sauti yako imefungwa."

Tukampigia Kulwa, ambaye alikuwa bado kazini Nzega. Naye hakujua, lakini aliuliza kwa wanaojua, akasoma, akatupigia. Kumbe kila programu ya namna hiyo inataka kukagua kila faili linapofunguliwa. Hii ikilifungua ili ikague, ile nayo inashtuka inakagua, na hii inashtuka tena, kompyuta haipumui. Isitoshe, kila moja imebeba alama za virusi ili iweze kuvitambua, basi mwenzake akizikuta anadhani amekuta virusi vyenyewe. Na sauti yangu ilikamatwa kwa kuwa inasikiliza kila herufi ninayobonyeza, jambo ambalo hata programu za wezi wa nywila, yaani yale maneno ya siri, hulifanya. Mimi nilifurahi kuelezwa hayo kuliko nilivyohuzunika. Nilimuuliza maswali mpaka akaniambia, mama, nina wagonjwa.

Kulwa akatuelekeza kwa simu, Baba Kulwa akafanya. Programu moja tukaiondoa. Nilichagua ibaki ile yenye vitangazo vichache, maana kila kitangazo sauti yangu ingenisomea. Tukaitoa sauti kifungoni, tukaiandika kwenye zinazoruhusiwa, tukaiwasha kompyuta upya. Tukangoja. Feni ikashuka, ikatulia. Kisha ile lafudhi ya kigeni ikasoma kitu cha kwanza ilichokikuta kwenye kioo, "Pipa la taka. Tupu."

Nililia hapo, ndugu zangu, kwa ajili ya pipa la taka. Baba Kulwa akauliza kama hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayasubiri siku zote hizo.

Maandishi yangu yote yalikuwepo. Niliwapigia wale watoto nikawaomba radhi, nikamaliza kazi. Siku ya arobaini niliketi mkekani na akina mama, mwana mkubwa akasoma. Alipofika pale bibi yake marehemu alipowaficha wapagazi chumvi ili wasiimalize, akina mama walicheka, na mmoja kando yangu akasema yule marehemu alikuwa akicheka hivihivi.

Ninaloweza kuwapa ni hili. Hofu iliniambia ongeza, nikaongeza, na sikuuliza vile viwili vitakaaje pamoja. Halafu nikaambiwa kimekufa, nikakubali, na sikuuliza mbona kina joto. Ulizeni, hata kama wa kuwajibu naye hajui. Mtatafuta pamoja.

Namshukuru Mungu. Namshukuru binti yangu. Nakishukuru chama hiki, ambacho kilinitumia watu wa kuketi nami uani nilipokuwa sitaki kusema na mtu. Na kuna mzee mmoja amejibanza pale mlangoni, anadhani sijui kama amekuja. Nimesikia kikohozi chake tangu naanza. Ahsante, Baba Kulwa. Ingia, ukae.