Koti la Babu Mtandaoni

Wapendwa, mama mwenyekiti wa jumuiya amenipa dakika kumi za ushuhuda, halafu akasogeza kiti chake karibu na kipaza sauti, utadhani nitakimbia nacho. Usiogope, mama. Nimebadilika, ingawa siyo sana.

Wengi hapa Kihesa mnanijua. Wengine mlinizima kwenye simu zenu, na mlifanya vizuri tu. Nilikuwa mchekeshaji wa jukwaani. Nilianzia Mbeya, ukumbi mmoja pale Mwanjelwa, nikiwasema wakwe, wachungaji, lafudhi ya Wanyakyusa, ya Wasafwa, na ya sisi wenyewe Wahehe. Nimefukuzwa harusini mara mbili, na mara zote mbili walikuwa wameniita wenyewe. Nikafungua chaneli mtandaoni. Watu walinitukana, nami nikajisemea, watukane, ilimradi wanaangalia. Mnisamehe kulisema humu ndani, lakini hiyo ndiyo ilikuwa dini yangu.

Sasa, mimi nimelelewa na bibi, mzaa mama, kule Madibira kwenye mashamba ya mpunga. Mama alifariki sijaanza shule. Bibi ndiye aliyenibeba, ndiye aliyenichapa, ndiye aliyenisomesha. Mwaka ule nilipofungua chaneli, babu, mume wake, akafariki.

Mnajua kwetu mjukuu ni mtani wa babu yake, na msibani ana kazi ya kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke. Nikavaa koti la marehemu. Nikashika fimbo yake, nikakohoa kile kikohozi chake, nikamwendea bibi pale kwenye mkeka. Nikamwambia, "Mke wangu, leo usinipikie. Nakwenda Igawa kwa yule mwenzio."

Ndugu zangu, habari ya babu na mwanamke wa Igawa kijiji kizima kilikuwa kinaijua. Bibi alikuwa hajala tangu jana yake. Alicheka mpaka kilemba kikamdondoka! Akafungua pindo la khanga, akanirushia sarafu, akasema, "Toka hapa, mzee usiye na haya, nenda!" Watu wakacheka, halafu wakalia vizuri, na jioni bibi akala ugali. Ndivyo inavyotakiwa. Mpaka hapo sikuwa nimekosea kitu.

Kosa ni kwamba nilikuwa nimempa rafiki yangu simu arekodi.

Nikaiweka video hiyo kwenye chaneli hata kaburi halijakauka. Jamani, ilitembea! Ilifika nchi nzima. Lakini wale walioiangalia hawakuwepo msibani. Hawakujua utani wala mtani. Waliona bibi kizee anacheka mumewe yuko kwenye jeneza. Wakaandika, "Huyu kafurahi." Wengine wakaandika, "Mchunguzeni huyo bibi, kamuua mzee wa watu." Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa Mbeya, nahesabu walioangalia, nacheka peke yangu kama chizi.

Kisha mama mdogo akanipigia. Akasema, "Bibi yako hatoki nje. Alikwenda Igawa kuuza mchele, kijana mmoja akamwekea ile video usoni, akamuuliza, 'Bibi, ni wewe?' Ameacha kwenda sokoni. Ameacha hata kanisa."

Mnadhani niliifuta siku hiyohiyo, sivyo? Wala! Kiburi. Nilirekodi nyingine, nikawafokea watu kwamba huu ni utamaduni wetu, asiyeelewa anyamaze. Ikawa nimeumwagia moto petroli. Nilipokuja kuifuta ile ya kwanza, watu walishainakili kila mahali.

Ikafika siku ya kumaliza msiba. Kwetu siku hiyo mtani lazima awepo. Bibi akatuma neno: asije. Nafasi yangu akapewa binamu yangu, ambaye, Mungu anisamehe, hajui kuchekesha hata mbuzi. Nilikaa chumbani kwangu Mbeya nikalia. Ndipo kumbi nazo zikaanza kuniogopa, na mimi nikaanza ulanzi. Nawaambia ukweli, nilikuwa mlevi. Ile pombe ya mianzi inashuka kama maji, unakuja kushtuka huwezi kusimama. Nilipanda jukwaani mara moja nimelewa, nikasahau kila kitu, nikashuka nikizomewa.

Mama mdogo akaja mwenyewe. Alinikuta naangalia matusi kwenye simu. Akasema, "Wewe unajibizana na watu usiowajua. Bibi umemwendea lini?" Sikuwa nimemwendea. Nilikuwa naogopa.

Nikaenda Madibira. Mpunga ulikuwa umetoa masuke, ndege wamejaa. Nikasalimia, "Kamwene, bibi." Akanionyesha shamba kwa kidevu, basi. Nikajua nimepewa kazi ya kuamia ndege. Kuanzia alfajiri mpaka giza, piga debe, piga kelele, kimbia huku, kimbia kule. Mimi niliyezoea kupigiwa makofi, sasa nawapigia kelele ndege kwelea! Bibi alikuwa akiniletea chakula, anaweka, anaondoka. Ulanzi haukuwepo, na nguvu ya kuutafuta sikuwa nayo. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita.

Siku moja alileta chakula, akakaa. Akaangalia mpunga. Akasema, "Ule utani ulitufanyia sisi tuliokuwa tunamlilia babu yako. Nani alikutuma umpeleke kwa wasiomlilia?"

Mimi, mwenye mdomo huu! Nikalia tu, nikasema, "Bibi, nisamehe." Hakusema amesamehe. Alianza kunisimulia babu. Alivyokuja kumposa amevaa viatu vya kuazima, alivyokwenda Igawa, alivyorudi akiumwa na yeye akamuuguza. Tukacheka mle shambani, tukalia pia. Nikamuuliza, "Bibi, naweza kuandika haya?" Akajibu, "Andika. Lakini unisomee kwanza mimi."

Niliandika kwenye daftari la shule. Kila jioni nasoma, naye anasema, "Hapo toa. Hapo umedanganya, viatu vilikuwa vyeusi." Daftari hilo ndilo lililozaa kitabu changu, na chaneli ninayo tena, nasoma hadithi za watu wa huku kwetu. Bado nachekesha, na bado kuna wanaonichukia. Ila simsomi mtu hewani kabla hajanisikia yeye mwenyewe.

Nawashukuru nyie wa jumuiya hii mliosafiri mpaka Madibira kumsalimia bibi alipokuwa hatoki, na kumshika mkono mpaka kanisani. Mama mdogo, asante kwa kunisema. Na somo ni hili dogo: ukimkosea mtu, mfuate alipo. Usiseme na watu wengine wote ukamwacha yeye.

Ushuhuda huu nimemsomea bibi jana. Yule pale amekaa, mwenye kilemba cha bluu. Amekata sehemu mbili, msiniulize zipi. Akaniagiza niongeze moja. Anasema niwaambie kwamba alinisamehe siku ileile nilipofika, nilipopiga hodi tu. Ila alinyamaza kwanza, kwa sababu mpunga wake ulikuwa unaliwa na ndege.