Hedi ya Gari la Mkunga

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa gereji, upande wa kivuli. Mwishoni mwake hukaa muuza kahawa na jiko lake la mkaa. Tunamwita Moshi, na hajawahi kulalamika. Breki ni dereva mstaafu wa lori. Mawimbi hutengeneza redio. Mwenye gereji ni Fundi Taratibu, na hilo ndilo neno analokiambia kila chuma kabla ya kukigusa. Mimi wananiita Karani, maana ndiyo kazi niliyostaafu nayo. Siku ninayoisimulia, Breki na Mawimbi walikuwa wanacheza dama, na ndani ya gereji gari la Mama Mkunga lilikuwa limefunuliwa boneti kwa siku ya tatu. Gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya vyuma vya injini, ilikuwa imeungua, maji yameingia kwenye oili. Ili iwekwe mpya ilibidi kwanza itolewe hedi, yaani kile kipande kizito cha alumini kinachofunika silinda, na hedi ilikuwa imegoma. Ya kubadilisha haipo, kwa kuwa magari ya umri ule hayaagiziwi tena vipuri. Ikipasuka, gari limekwisha. Na ng'ambo ya kilima alikuwako mwanamke mwenye mimba ya mapacha, siku zake zimetimia, asiye na usafiri wa kufika hospitali isipokuwa gari hilo.

Fundi alitoka akifuta mikono. Vidole vilikuwa vimevimba.

— Vipi? — Moshi akamuuliza, akipepea jiko.

— Imekataa.

— Hata kwa nyundo ya mpira?

— Nimeigonga pande zote nne. Nimeimwagia mafuta ya taa ikalala nayo. Inanitazama tu.

— Kaa unywe kahawa, ndugu yangu — Breki akasema, macho kwenye dama. — Hizi hedi ninazijua. Mimi yangu ilinigomea katikati ya pori. Unajua nilifanya nini? Niliacha bolti zote nje, nikapiga stata. Injini yenyewe ikaitema hedi juu, pu! Ikaenda ikaangukia kwenye mti.

— Juzi ulisema iliangukia mtoni — Moshi akamkumbusha.

— Ilianzia kwenye mti.

— Silinda zimejaa maji, mzee — Fundi akasema kwa upole. — Nikipiga stata nitapinda vyuma vya ndani.

Mawimbi akasogeza kete moja, akajuta, akairudisha.

— Umeshaiachia! — Breki akamkaripia. — Kete ikiachiwa haishikwi tena.

— Nilikuwa naipangusa vumbi. Sikiliza, Fundi, hili ni suala la elimu. Alumini hutanuka kuliko chuma. Umwagie maji ya moto juu, chini uweke barafu. Hapo vinagombana vyenyewe, vinaachana.

— Nilimwagia birika mbili za Moshi asubuhi.

— Barafu je?

— Barafu nitaitoa wapi?

— Basi kuna njia nyingine. Kila chuma kina mlio wake. Ukikipigia mlio huo huo kwa spika kubwa, kinatetemeka mpaka kinaachia. Mimi ninayo spika. Tutafute mlio tu.

— Tutautafutaje? — Moshi akauliza.

— Tutaiimbia. Tunaanza chini, tunapanda.

Moshi alicheka hadi jiko likakosa upepo. Fundi hakucheka. Nilimwona akitazama ndani ya kikombe kama mtu anayesoma barua ya msiba.

— Jana niliifunga mnyororo — akasema. — Nikautundika kwenye kenchi ya paa, nikavuta. Mnajua kilichonyanyuka?

— Hedi?

— Gari. Magurudumu ya mbele yakaning'inia hewani, hedi imeshika vile vile. Nikalishusha haraka.

— Umeona! — Breki akapiga goti. — Hiyo imeyeyukiana. Hedi na bloku, chuma cha chini yake, vimekuwa kitu kimoja. Hapo ni mtaimbo. Mimi napanda juu ya injini, Mawimbi anakaa upande wa pili...

— Mtaimbo utaipasua, mzee.

— Ipasuke tujue moja!

— Si ya kwako ipasuke — Fundi akasema, na sauti yake ilishuka. — Mama Mkunga ndiye aliyenipokea mimi duniani. Akapokea na wanangu wote watatu. Nikamwambie nini? Kwamba nimelivunja gari lake kwa mikono ileile?

Breki alijikuna kisogo. Wajukuu wake wanne nao walipitia mikono ya mama huyo.

— Karani, wewe umesoma — Moshi akanigeukia. — Sema neno.

Nikasema sijui. Ndiyo ilikuwa kweli.

Mama Mkunga mwenyewe alifika kwa miguu, mkoba wake begani, viatu vimejaa vumbi. Wote tukasimama.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Kaeni. Nimetoka kumtazama yule mwenye mapacha. Wamekaa vizuri, lakini hawatangoja sana. — Akamgeukia Fundi. — Haya, baba. Habari ya mgonjwa wangu?

Fundi akamweleza yote: nyundo, mafuta ya taa, maji ya moto, mnyororo. Hakuficha hata lile la gari kuning'inia. Mama alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama asikilizavyo tumbo.

— Mimi injini siijui — akasema. — Ila kwangu mama akikwisha kujifungua, sinawi mikono kabla sijahesabu. Pamba nilizoingia nazo, mikasi, vitambaa. Hesabu isipotimia, siondoki. Hiyo hedi ilishikwa na bolti ngapi?

Fundi akaweka kikombe chini.

— Injini hizi hazifanani, mama — akasema. — Ndiyo maana kabla sijashika spana huchora hedi kwenye kipande cha boksi, nikatoboa tundu kwa kila bolti. Kila ninayoitoa naichomeka tunduni mwake. Safari hii niliitwa nje katikati ya kazi, kuziba tairi la mtu. Kurudi, boksi halipo, bolti zimo kwenye kopo. Nikajua upepo umelichukua. Nikajua nimemaliza.

— Upepo uliopanga bolti kwenye kopo?

Mkono wa Moshi, uliokuwa unapepea jiko tangu asubuhi, ulipunguza mwendo, kisha ukatua magotini. Kipande cha boksi alichokishika kilikuwa kimeungua pembeni, na kina matundu.

— Nililikuta chini, mama — akasema kwa sauti ya mtoto. — Bolti nilizitia koponi zisipotee. Sikujua ni hesabu ya mtu.

— Nipe.

Akalihesabu kwa kidole, tundu kwa tundu. Kumi na moja.

— Na bolti ziko wapi?

Sasa ilikuwa zamu ya Mawimbi kuinamisha kichwa. Kete zake zilikwishapotea tangu mwezi uliopita. Upande wake wa dama ulikuwa ni bolti zile, alizozichukua koponi, na mawe mawili.

— Ubaoni ziko sita — akasema.

— Nimekula nne — Breki akasema, akazitoa mfukoni moja moja, safari hii bila kujisifu.

Kumi.

Fundi alikuwa amekwisha kuingia ndani. Tulimfuata. Akalishika boksi juu ya injini, akaliweka sawa, akapeleka kidole kwenye tundu la mbele kabisa, palipo na kishimo kilichojaa oili nyeusi. Akachovya kitambaa, akafuta, akachovya tena. Ndani kikaonekana kichwa cha bolti.

Alitia spana, akasema "taratibu", akavuta. Bolti ya kumi na moja ikalia mara moja, ikazunguka. Kisha akaigonga hedi kwa kiganja tu, akainyanyua kama anayefunua sufuria. Akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kucha kila mahali, mara mbili.

— Haina ufa — akasema, na akakaa chini kwenye tairi kuukuu, uso ndani ya mikono yake iliyovimba.

Mama Mkunga akamgusa bega.

— Pumua, baba. Ndivyo ninavyowaambia wote.

Gasketi ilifungwa kesho yake, na Moshi alinunua kipepeo cha ukindu. Siku mbili baadaye, asubuhi, gari liliteremka kilima kuelekea hospitali, Mama Mkunga usukani na yule mwanamke nyuma. Tulikaa benchini hatuchezi kitu. Jumapili lilirudi, likapunguza mwendo mbele yetu. Mama hakusimama; alitoa mkono dirishani, vidole vinne juu.

— Walikwenda wawili — Mawimbi akaanza.

— Tunajua — Breki akasema. — Hesabu imetimia.