Kwarara Arobaini wa Fundi Vakkas

Tunawaomba radhi wasomaji wa jarida la kituo chetu cha kuhifadhi ndege. Tangu Februari hatujachapisha hata ukurasa mmoja, kwa kuwa sote tulikuwa tukitazama angani. Sababu ni mtu tunayemuaga leo.

Fundi Vakkas Deveci anastaafu tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na minne ya kuwalea kwarara wenye vipara. Alipoajiriwa, dawa za mashambani na bunduki za njiani zilikuwa zimewamaliza ndege hao katika bonde letu la mto Furati. Walibaki kumi na mmoja tu, kizimbani. Leo wako mia mbili sitini na wawili, na karibu wote aliwavisha pete yeye mwenyewe, akiwa juu ya ngazi, mwambani.

Kila asubuhi aliwasagia nyama, akawachemshia mayai na kuwakwangulia karoti. Mkewe, Bibi Zeliha, alitueleza mbele yake: "Mimi nikiugua naletewa mkate mkavu. Ningekuwa na mdomo mrefu kama wao, ningekula vizuri."

Kila Julai, kabla ya msimu wa kuhama, aliwaita ndege ndani na kufunga mlango, maana waliokwenda kusini hawakurudi. Mwaka jana aliomba wanane waachwe nje, wakiwa na vifaa vya kuwafuatilia. Mkuu wetu, Daktari Sevim, alisita.

"Wakifa je, Fundi?"

"Hata humu ndani wanakufa, Daktari. Ila wanakufa wameshiba, na njia hawaijui."

Wanane hao wakaachwa. Walipita Syria, wakapita Yordani, kisha vifaa vikanyamaza. Fundi hakulalamika, alikonda tu. Tarehe 16 Februari, saa nne asubuhi, kwarara watatu walitua juu ya paa la jiko anamowaandalia chakula. Pete zilikuwa zetu. Hatukuwahi kumwona Fundi akikimbia. Siku hiyo alikimbia, karoti mkononi. Watano wengine tunawangoja hadi leo.

Sasa anaomba arobaini waachwe wawafuate hao watatu. Baadhi ya wajumbe wa kamati ya kituo wanasema mlango uliookoa kizazi kizima usichezewe, na hoja yao ina uzito. Lakini wanaoijua njia wapo mwaka huu. Mwakani huenda wasiwepo.

Tulimuuliza angependa zawadi gani. Akajibu: "Mwaka huu msinipe kazi ya kufunga mlango."

Ahsante, Fundi. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na meza yenye amani na Bibi Zeliha. Kamati inakutana tarehe 24 Julai. Ikishaamua tu, tutaandika, na nakala ya kwanza tutakuletea nyumbani.