Daktari wa Mlango Mmoja

Ndugu zangu, msinipigie makofi bado. Wengi wenu mnaniita daktari, na wengine mliwahi kubisha mlangoni kwangu hapa mtaani Umoja nikawarudisha. Leo nataka mjue kwa nini.

Kiswahili changu mtakivumilia. Kule Uganda nilikotoka, miaka ile kilikuwa lugha ya askari. Ukikisikia nje ya nyumba yako unazima taa. Kukipenda nimejifunzia hapa, kwenu.

Nilikuwa daktari wa akina mama katika hospitali ya serikali. Siku moja mume wangu alichukuliwa kazini kwake, hakurudi tena. Nikavuka mpaka na binti zangu wawili, mkubwa ameshika sufuria. Mpaka leo sijui kwa nini sufuria.

Hapa Kenya sikuwa nimesajiliwa. Lakini sheria ilikuwa na nafasi kwa watu kama mimi: daktari mgeni angeweza kusamehewa usajili kwa muda, mradi afanye kazi katika hospitali moja iliyotajwa kwenye kibali chake, chini ya daktari aliyesajiliwa. Nikapata hospitali ndogo ya mtu binafsi upande wa Muthurwa. Mwenyewe alikuwa daktari, mtu wa kucheka sana. Siku niliyovaa tena koti jeupe nililia.

Haikupita muda yule bwana akaanza kupotea. Alikuwa na biashara nyingine mjini. Anapita asubuhi, anasalimia, anakwenda zake. Wagonjwa wote wangu. Nikamwambia, "Daktari, kibali kinasema niwe chini yako."

Akacheka. "Kwani sasa uko chini ya nani?"

Binti yangu mdogo alipopata surua nikaomba ruhusa nikamuuguze. Akanijibu taratibu, kama mtu anayekuelekeza njia: "Nenda. Lakini ukishatoka kwenye mlango wangu, mama, wewe si daktari. Wewe ni mkimbizi tu."

Nikarudi wodini. Mtoto wangu aliuguzwa na jirani, mama mmoja wa kutoka Kitui ambaye mumewe alikuwa mchonga vinyago. Nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja.

Na ninyi mlikuja. "Daktari, mtoto ana degedege!" Nami nasema kupitia dirisha, "Mkimbizeni hospitali, mimi siruhusiwi." Nilisikia mkisema mkiondoka, "Huyu Mganda ana maringo." Wapendwa, yale hayakuwa maringo. Nilikuwa mtu aliyefungwa ambaye kila asubuhi anatembea mwenyewe kwenda gerezani, na jioni anarudi nyumbani kwenye gereza la pili.

Basi Jumapili moja mchana, tumetoka kanisani, mchonga vinyago akaja mbio, mikono bado ina vumbi la mti. "Mke wangu amejifungua, lakini damu haikomi!"

Nilisimama nimeshika komeo. Niliwafikiria binti zangu kwanza, siwadanganyi. Ndipo nikamsikia yule mama ng'ambo ya ukuta. Hakuniita daktari. Alisema, "Dada! Dada yangu, uko wapi?"

Nikaenda. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka, lakini mfuko wa uzazi umelegea. Nikamkanda tumbo mpaka likawa gumu, mtoto nikamweka kwenye ziwa la mama anyonye, mumewe nikamtuma akatafute gari. Njia nzima sikuondoa mkono tumboni mwake. Akapona.

Furaha ya mtaa ndiyo iliyonichoma. Watu walisimulia kila mahali jinsi daktari wao alivyofanya, na habari ikafika Muthurwa. Yule bwana akaniita, akafunga mlango.

"Umetibu nje ya hospitali yangu. Hiyo ni jela. Nikitamka neno moja tu, unarudishwa mpakani na watoto wako."

Akatabasamu. "Lakini mimi si mtu mbaya. Wakaguzi wanakuja mwezi ujao. Wakikuuliza, mimi nashinda hapa nawe kila siku. Umeelewa?"

Nilielewa. Nikisema hivyo, mgonjwa yeyote atakayefia mikononi mwangu nikiwa peke yangu, nitakuwa nimeshaapa kwamba daktari wa pili alikuwapo. Nikikataa, mpakani. Na mpakani nilijua kuna nini. Nikawa nakunja nguo za watoto naziweka kwenye begi, halafu nazitoa tena. Niende wapi?

Yule jirani akaniona. "Dada, unahama?"

Nikamwambia yote. Alikuwa ananyonyesha, akasikiliza bila kuinua macho. Kisha akauliza, "Hiyo sheria, nani alikuambia inasema hivyo?"

"Yeye."

"Na mwingine nani?"

Hakukuwa na mwingine.

"Basi twende tukaulize wenye sheria."

"Nikienda nitashikwa."

"Wakikushika, mimi niko hapo na huyu mtoto. Watanisikia."

Tukaenda kwenye ofisi ya usajili wa madaktari. Afisa aliyetupokea hakuwa na haraka. Nilimweleza kila kitu, hata yale niliyoambiwa niseme mbele ya wakaguzi. Akaniuliza, "Huyu mama, ulimtoza?"

"Hapana."

"Angengoja?"

Jirani yangu akadakia, "Ningengoja, mzee, ningezikwa!"

Afisa akaweka kalamu chini. "Mama, kibali kinakuzuia kufungua kliniki nyumbani. Hakikuzuii kumwokoa mtu anayekufa. Na hospitali iliyotajwa inaweza kubadilishwa. Hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Nililia pale pale kwenye kiti cha serikali, na mtoto wa jirani naye akaanza.

Mambo hayakunyooka siku ile. Niliacha hospitali ya yule bwana, nikakaa nyumbani muda mrefu bila kazi, nikila kwa mama huyu. Kisha zahanati moja kule Mathare ikakubali jina lake liandikwe kwenye kibali changu. Mtihani wa usajili nilianguka mara ya kwanza. Sasa nimesajiliwa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru afisa yule, popote alipo. Na wewe dada uliyekaa pale nyuma unafuta macho, sitakutaja jina, lakini asante.

Nilichojifunza ni hiki: usikubali kusomewa sheria na mtu anayefaidika na woga wako. Kama kuna yeyote humu ndani anayeogopa ofisi fulani, anione tukimaliza ibada. Kesho asubuhi nina nafasi. Nitakwenda naye.