Sindano Ambayo Haikuchomwa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Tunamkumbuka mama aliyezikwa juzi, na wasiwasi wake haujazikwa naye.

Kazini walimwita Bi Unga. Alitambua mimea kwa chavua, ule unga wa ua unaotupa chafya. Miaka thelathini na mmoja, chumba kimoja, dirisha limefungwa, feni imezimwa, chavua isipeperuke. Majani hufanana kama pacha, alisema, lakini chavua haina unafiki. Chini ya hadubini, chembe moja ni laini, ina mifereji mitatu. Nyingine ina miiba kama nungunungu. Hapo unajua hawa si ndugu.

Mumewe anakumbuka: "Nikipiga chafya mlangoni, haniambii pole. Ananiuliza pua nimeielekeza wapi."

Sasa sikilizeni. Watengeneza dawa ya kikohozi walimletea mimea miwili yenye maua meupe. Wa kwanza hutuliza kifua. Wa pili je, ni uleule? Akatazama. Chembe laini, mifereji mitatu, kote kuwili. Akaandika: ni mmea mmoja. Barua ikashuka kwa karani.

Mchana, kijiko mkononi, akaganda. Hakuwa ameichoma sindano ya kuchotea chavua. Baada ya kila ua, sindano hupitishwa motoni, isije ikabeba chavua ya ua moja hadi jingine. Siku ile alisahau. Bintiye, aliyefanya kazi naye, anasema mama alishuka ghorofa tatu mbio, na moyo wake ule mbovu. Alimkuta karani akilamba bahasha.

Akarudia. Ua la pili: miiba. Miiba mitupu. Mmea wa sumu, wa kufunga koo.

Barua ilichanwa, amani haikurudi. Siku ileile alikuwa amepima maua mengine kumi na manne, kwa sindano ileile. Majibu yake yalikuwa yameshatoka. Alirudia tisa, akakuta makosa mawili, kisha moyo ukamlaza. Kitandani hakusema kwaheri. Alimwambia bintiye, "Bado matano, mwanangu. Choma sindano."

Binti amesharudia matatu. Moja lilikuwa na kosa. Yamebaki mawili.

Kwa mume na binti: poleni sana, msiba wenu ni wetu. Na wewe unayenisikiliza, lipo jibu ulilolitoa kwa haraka, nalo sasa liko njiani? Likimbilie.

Tulimwalika binti studio leo. Hakuja. Yuko kule chumbani, feni imezimwa.